Kichupa cha Ketamini na Ubishi wa Dawa za Maruweruwe

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu mlionilea katika kazi hii, wauguzi wenzangu na wanafunzi mliofika jioni hii,

Nimeombwa kuzungumzia mjadala kuhusu dawa ziletazo maruweruwe, zile ambazo watafiti huziita saikedeliki, na iwapo zina thamani yoyote ya tiba. Mimi si daktari wa magonjwa ya akili. Kazi yangu ni usingizi na ganzi, na mahali pangu ni kichwani pa meza ya upasuaji. Nimeitika wito huu kwa sababu katika kundi zima la dawa zinazobishaniwa leo Marekani, Uingereza na Australia, iko moja ambayo mimi na wenzangu tunaishika karibu kila siku, na aliyewahi kuitazama kwa makini hiyo moja ameshaonja sehemu kubwa ya ubishi wenyewe. Dawa hiyo ni ketamini.

Kwa wanafunzi ambao bado hamjaingia chumba cha upasuaji, niwaeleze inavyokuwa. Mama analetwa usiku, mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi na imepasuka, damu imejaa tumboni na presha imeshuka. Dawa nyingine za usingizi zingeizamisha presha hiyo zaidi. Unavuta ketamini kutoka kwenye kichupa, unaichoma polepole mshipani, na ndani ya dakika moja mgonjwa hayuko nawe tena, ingawa macho yake yako wazi na mboni zinachezacheza huku na huku. Anapumua mwenyewe. Presha inajishikilia, na daktari mpasuaji anaanza kazi. Baadaye, akianza kuzinduka, ndipo anaposimulia alikokuwa. Mama mmoja aliniambia, akiwa amenibana kiganja, kwamba alikuwa juu ya dari akitutazama sote tukihangaika naye, na kwamba hakuogopa hata kidogo. Kijana mmoja mwenye mwili wa mbeba mizigo alilia kama mtoto, akisema amekufa na mwili wake umeyeyuka, hata ikabidi tumpe diazepamu, dawa ya kutuliza. Dawa ilikuwa ileile, na kipimo kwa kilo ya uzito kilikuwa kilekile.

Sisi tulifundishwa kwamba maruweruwe hayo ni madhara ya dawa. Unayazima, unapunguza kelele na mwanga, unamwachia mgonjwa azinduke taratibu. Sasa wako madaktari na watafiti wanaosema kwamba huenda kile tulichofundishwa kukizima ndicho chenye tiba. Hapo ndipo ubishi ulipo, nami naomba tuuingie kwa utulivu, bila kushabikia wala kubeza.

Ketamini ilitengenezwa Marekani mwaka 1962 na mkemia Calvin Stevens, ikaidhinishwa kutumika kwa binadamu mwaka 1970, na tangu 1985 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa miaka 30 hivi ilikuwa dawa ya upasuaji tu. Kisha mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha matokeo ya wagonjwa saba wa sonona waliopewa kipimo kidogo, nusu miligramu kwa kila kilo ya uzito, kikiingia polepole mshipani, wakapata nafuu ndani ya siku tatu. Wagonjwa saba ni wachache mno, lakini mwaka 2006 watafiti wa taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani waliona jambo hilohilo kwa kundi kubwa kidogo, na nafuu ilianza kuonekana saa chache tu baada ya dozi.

Anayehudumu kliniki ya afya ya akili anajua kwa nini habari hii iliwashtua watu. Amitriptilini na fluoksetini, dawa za sonona tulizonazo kwenye rafu zetu, huchukua wiki kadhaa kabla mgonjwa hajaona tofauti, na kwa mtu anayefikiria kujiua, wiki kadhaa ni muda mrefu sana. Mwaka 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha esketamini, ndugu yake ketamini, kama dawa ya kupuliza puani kwa wenye sonona sugu, kwa sharti kwamba mgonjwa aitumie mbele ya wahudumu na asiondoke kabla ya saa mbili za uangalizi. Idhini hiyo ilikuwa na ubishi wake, kwani baadhi ya majaribio ya muda mfupi hayakuonyesha tofauti ya kutosha na dawa ya bandia, isiyo na kitu ndani yake.

Ketamini ni jamaa wa mbali tu wa saikedeliki zenyewe, kwa maana inafanya kazi kwenye vipokezi vingine vya ubongo. Saikedeliki halisi, yaani LSD, silosibini itokanayo na uyoga na nyingine za aina hiyo, hushika vipokezi vya serotonini. LSD ilitengenezwa mwaka 1938 na mkemia wa Uswisi Albert Hofmann katika maabara za kampuni ya Sandoz mjini Basel, ikawekwa kando, hadi Aprili 1943 alipoimeza kwa makusudi robo miligramu na kurudi nyumbani kwa baiskeli huku barabara ikimpindika machoni. Miaka ya 1950 na 1960 madaktari waliijaribu kwa walevi, kwa wenye sonona na kwa wagonjwa wa saratani waliokuwa wakingoja kifo. Mengi ya majaribio hayo hayakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo hata yale yaliyosifiwa sana hayawezi kutubebea hoja leo.

Miaka hiyohiyo shirika la ujasusi la Marekani, CIA, katika mpango wake ulioitwa MK-ULTRA, lilikuwa likiwapa watu LSD bila wao kujua. Nalitaja hili mapema kwa kuwa baadhi ya watetezi wa dawa hizi husimulia historia yake kana kwamba ni ya wema walioonewa na wanasiasa. Palikuwa na wema, na palikuwa na watu waliochukuliwa akili zao bila kuombwa ruhusa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 wa kudhibiti dawa zinazoathiri akili uliziweka LSD na silosibini katika jedwali la kwanza, lenye masharti makali kuliko yote, na utafiti ukalala kwa muda wa kizazi kizima.

Uyoga nao una habari yake, nami siwezi kuuruka, maana si mali ya maabara. Watu wa Mazateki wa milima ya Oaxaca, Meksiko, waliutumia katika ibada za uponyaji kwa vizazi na vizazi. Mwaka 1955 mganga wao María Sabina alimkaribisha mgeni kutoka New York katika mkesha mmoja, na mwaka 1957 mgeni huyo akauandika katika gazeti lenye wasomaji wengi. Wageni wakamiminika kijijini Huautla de Jiménez, amani ya mahali ikavurugika, na nyumba ya mama huyo ikachomwa moto. Kampuni zinazoomba hataza leo, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, zinastahili kuulizwa zimewalipa nini watu hao. Swali hilo litafika Gabon pia, ambako mzizi wa iboga, uliotangazwa kuwa urithi wa taifa mwaka 2000, sasa unatafutwa na wanaotibu uraibu wa heroini, ingawa dawa yake, ibogaini, inaweza kuvuruga mapigo ya moyo hadi mtu akafa.

Tuje kwenye ushahidi wa sasa.

Mwaka 2016 vyuo vikuu viwili vya Marekani, Johns Hopkins na New York, vilichapisha majaribio ya silosibini kwa wagonjwa wa saratani waliokuwa na hofu na sonona, 51 upande mmoja na 29 upande wa pili, na wengi wao walikuwa bado wana nafuu miezi sita baadaye. Mwaka 2021 watafiti wa Imperial College, London, waliipambanisha silosibini na dawa ya kawaida ya sonona, esitalopramu, kwa watu 59. Kwa kigezo cha kupima nafuu walichokuwa wamekichagua wenyewe kabla ya kuanza, hapakuwa na tofauti ya kuaminika baada ya wiki sita. Mwaka 2022 likaja jaribio kubwa zaidi, la watu 233 wenye sonona sugu. Katika waliopewa miligramu 25 za silosibini, 37 kati ya kila 100 walipata nafuu kubwa kufikia wiki ya tatu, na katika waliopewa miligramu moja tu, 18 kati ya 100. Kufikia wiki ya 12, waliobaki na nafuu hiyo katika kundi la kipimo kikubwa walikuwa mtu mmoja kati ya watano hivi. Katika makundi yote walikuwemo waliopata mawazo ya kujiua au kujidhuru.

Nimezitaja namba hizi kwa makusudi kwa sababu kwenye simu zetu zinafika habari nyingine kabisa, kwamba dozi moja ya uyoga inaponya sonona. Mtu mmoja kati ya watano si haba, hasa kwa wagonjwa ambao dawa nyingine zimewashinda, na nisingependa mtu atoke hapa akisema nimeidharau nafuu hiyo. Ila nafuu ya mmoja si ahadi kwa wanne waliobaki.

Sasa ugumu wenyewe, ambao kwangu ndio moyo wa jambo hili. Jaribio la dawa hutegemea mgonjwa asijue amepewa dawa au kidonge kitupu, na anayempima asijue pia. Ndivyo tunavyoitenga nguvu ya dawa na nguvu ya matumaini. Lakini utamfichaje mtu aliyeona kuta zikipumua? Aliyemeza kidonge kitupu, akakaa saa sita akiangalia dari bila kuona lolote, naye anajua. Huyo amengoja miezi, pengine dawa hii ndiyo ilikuwa tumaini lake la mwisho, na sasa anarudi nyumbani akijua amekosa. Akijazishwa fomu ya hisia zake wiki ijayo, atajaza nini? Tofauti tunayoiona kati ya makundi mawili inaweza kuwa imechangiwa na furaha ya waliopata pamoja na huzuni ya waliokosa.

Watafiti wa Stanford walitafuta njia ya kulikwepa tatizo hili, na wakaja kwenye chumba chetu, chumba cha upasuaji. Matokeo waliyachapisha mwaka 2023. Walichukua watu 40 wenye sonona ambao tayari walikuwa wamepangiwa upasuaji wa kawaida. Walipokwisha kulazwa usingizi, nusu yao wakachomwa ketamini kwa kile kipimo cha sonona, na nusu wakachomwa maji ya chumvi. Hakuna aliyeona maruweruwe, maana wote walikuwa wamelala fofofo. Siku zilizofuata, makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa, na haikuonekana tofauti kati yao. Kilichoendana na nafuu ni jinsi mgonjwa alivyotarajia kupona.

Niliposoma utafiti huo nilikaa kimya kwa muda. Unaweza kuusoma kwa namna mbili. Yuko atakayesema kwamba ketamini haina kitu, ni matumaini matupu. Na yuko atakayesema kwamba ketamini inahitaji mtu awe macho, ayapitie hayo maruweruwe ndipo imfae. Watu 40 ni wachache, na dawa nyingine za usingizi walizopewa zingeweza kuufunika ukweli, kwa hiyo mimi sikati shauri. Lakini lipo jambo la tatu ambalo wengi walilipita. Wagonjwa wale, kabla ya upasuaji na baada yake, walifuatwa na watafiti waliowauliza wanalalaje, wanakulaje, wanajisikiaje, na wakangoja jibu. Ni wagonjwa wangapi wa wodi zetu wanaoulizwa hivyo?

Jambo hilohilo lilijitokeza katika MDMA, dawa ijulikanayo mitaani kama ecstasy, ambayo si saikedeliki kamili lakini imo katika mjadala huu, na ilijaribiwa kwa watu wenye kiwewe cha vita, cha kubakwa, cha mambo waliyotendewa utotoni. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2023, lenye watu 104, wote walipewa masaa mengi ya mazungumzo na watibabu wawili. Kati ya waliopewa na MDMA, 71 katika 100 hawakuhesabiwa tena kuwa na ugonjwa huo. Kati ya waliopewa mazungumzo na kidonge kitupu, 48 katika 100. Magazeti yaliishika ile 71. Mimi macho yangu yalibaki kwenye 48. Karibu nusu ya watu waliokuwa wameteseka kwa miaka walitoka katika ugonjwa ule kwa kusikilizwa vizuri, kwa utaratibu, na watu waliofunzwa. Wale waliokulia Pwani na kuziona ngoma za pepo hawatashangaa sana: katika ngoma hizo, kwa muda wote wa tiba hakuna anayemwacha mgonjwa peke yake, na ubani, nyimbo na ndugu waliomzunguka vyote vimo ndani ya tiba.

Juni 2024 kamati ya washauri wa FDA iliupitia ushahidi wa MDMA. Kwa kura 9 dhidi ya 2 ilisema haujathibitisha kwamba tiba inafaa, na kwa kura 10 dhidi ya 1 ikasema faida hazijazidi hatari. Agosti mwaka huo FDA ikakataa kuidhinisha, ikataka jaribio jingine kubwa. Sababu mojawapo ilikuwa ileile niliyoieleza, kwamba karibu kila mgonjwa alijua amepewa nini. Watetezi waliumia sana, wakiwemo askari wastaafu waliosema tiba hiyo iliwaokoa, nami siwaoni kuwa waongo. Bado naona FDA ilitenda haki. Australia ilichagua njia nyingine: tangu Julai 2023 madaktari wa akili wenye kibali maalumu wanaruhusiwa kuandika MDMA kwa kiwewe na silosibini kwa sonona sugu.

Kuna suala jingine lililoikumba MDMA, na hili haliingii kwenye hesabu za asilimia. Katika kituo kimoja cha majaribio nchini Kanada, watibabu walimshika na kumlalia mgonjwa akiwa chini ya dawa, na picha za video zilionyesha. Baadaye, mwezi uleule wa Agosti 2024, jarida moja la kisayansi likaziondoa makala tatu kwa sababu ya uvunjaji wa maadili katika kituo hicho.

Wanafunzi, hili naomba mlisikie kwa masikio ya watu wa usingizi. Sisi tunajua mtu aliye chini ya dawa ni mtu wa namna gani. Yule mama aliyenibana kiganja angeamini neno lolote ambalo ningemwambia dakika ile. Ningemwambia mumewe hampendi, pengine angezinduka nalo. Ndiyo maana chumba cha upasuaji kina sheria ya watu kuwa zaidi ya mmoja, hakuna anayeachwa peke yake na mgonjwa, na tunachokifanya kinaandikwa dakika kwa dakika. Wanaotaka dawa hizi zitoke maabara ziende kwenye hoteli za mapumziko na nyumba za watu binafsi wangepaswa kuwa wakali katika jambo hili kuliko wapinzani wao, na wengi wao hawako hivyo.

Na dawa zenyewe zikivuka mipaka ya uangalizi, gharama yake hatulipi sote kwa usawa. Oktoba 2023 mwigizaji wa Marekani Matthew Perry alifariki dunia, na uchunguzi ukaonyesha athari za ketamini. Baadhi ya watumiaji wa muda mrefu huharibikiwa kibofu hadi wakakojoa damu. Nchi zenye tatizo hilo zina haki ya kujihami, lakini tukumbuke kilichotokea Vienna mwaka 2015, China ilipopendekeza ketamini iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa wa ule mkataba wa 1971. Shirika la Afya Duniani lilipinga, kwa sababu katika hospitali nyingi za vijijini Afrika na Asia ndiyo dawa pekee ya usingizi inayoweza kutolewa kwa usalama pasipo mashine wala umeme wa uhakika. Pendekezo likaahirishwa. Nchini Kenya, katika hospitali zisizokuwa na mtaalamu wa usingizi, upo mpango uliowafunza wahudumu kutumia ketamini ili mama asifie mlangoni pa chumba cha upasuaji. Kila kichupa kinachoibwa kwenye kabati zetu na kuuzwa mtaani kinawapa hoja wale wanaotaka kabati hilo lifungwe kabisa.

Mwisho niseme nililomjibu kijana mmoja, maana aliniuliza kitu ambacho baadhi yenu mtaulizwa. Amekuwa na sonona kwa miaka miwili, na ndugu yake aliyeko Ulaya amemtumia video ya mahali panapotoa uyoga, akajitolea kumlipia nauli. Nilimuuliza kama katika ukoo wao yuko aliyewahi kuchanganyikiwa akili. Akasema baba yake mdogo. Nikamweleza kwamba katika majaribio ya silosibini, mwenye ndugu wa damu aliyeugua hivyo kwa kawaida hakubaliwi kabisa, kwa kuwa dawa inaweza kumwamshia ugonjwa uleule. Nikamuuliza dawa gani ameshatumia. Alipewa fluoksetini, akaiacha siku ya tisa kwa sababu hakuona kitu, na hakuna aliyekuwa amemwambia asubiri wiki nne hadi sita. Nilimsindikiza mwenyewe hadi kliniki ya afya ya akili, jengo la tatu kutoka letu, nikamkabidhi kwa muuguzi, nikarudi kazini. Jumanne iliyopita nilimwona kwenye benchi akingoja zamu yake. Safari hii alikuja na mama yake.

Asanteni.